Mifupa ya Mama Zetu: Tuzibe Ufa Kabla ya Kujenga Ukuta

Mgeni afikapo Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, jambo la kwanza analoonyeshwa ni kuta. Huonyeshwa Msikiti Mkuu, huonyeshwa Husuni Kubwa, na huonyeshwa majumba ya watu waliofanya biashara ya dhahabu na pembe kabla Mreno hajatia nanga katika bahari hii. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papa hapa pwani, nazo zimesimama kwa zaidi ya miaka mia tano. Lakini mafundi wanaozitunza wanafahamu jambo ambalo mgeni halioni. Ukuta wa chokaa hauangushwi na siku moja. Mvua na chumvi huila chokaa ya ndani kidogo kidogo, mawe yakabaki yameegemeana tu, na kwa nje ukuta ukaonekana mzima. Hata siku moja upepo usio na nguvu ukaumaliza.

Mwaka 1981 magofu yetu yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakaandikwa katika orodha nyingine, ile ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari na mvua zilikuwa zikiyala. Serikali yetu, ikishirikiana na UNESCO na nchi rafiki zikiwemo Ufaransa na Japani, iliwaweka wataalamu kazini wakakagua nyufa na kuziba zilizozibika. Na mwaka 2014 magofu yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Hilo ni jambo la kujivunia. Leo twataka kuuliza swali moja tu: ikiwa tumeweza kukagua nyufa za kuta ambazo wenyewe wamekwisha kufa, kwa nini hatukagui nyufa za mifupa ya mama zetu walio hai?

MAMA WA DAU LA ASUBUHI

Hatuulizi swali hili kwa kupamba maandishi. Siku moja, si zamani, tulikuwa pwani ya Kilwa Masoko tukiwangoja wenzetu, likaingia dau kutoka visiwani. Ndani yake mlikuwa na kitanda cha kamba, na juu ya kitanda amelala mama wa miaka hamsini na kitu, amefunikwa kanga mbili, anauma meno asilie mbele ya wanawe. Maji yalikuwa yamekupwa na dau halikuweza kusogea, ikawabidi vijana wanne wakitwae kitanda mabegani na kutembea nacho majini mpaka mchanga mkavu. Kila mmoja wao alipoteleza, mama yule alilitaja jina la Mola wake.

Tulidhani amepinduka na chombo, au amegongwa na pikipiki. La. Dada yake mdogo, aliyekuwa akifuata nyuma na bahasha ya vyeti, alitueleza kwamba dada yake alijikwaa kizingiti cha jiko lake mwenyewe akiwa ameshika sufuria. Nyonga imevunjika. Tukauliza kama amewahi kuvunjika mfupa kabla ya hapo. Yule dada akafikiri kidogo, akasema ndiyo: miaka mitatu nyuma aliteleza uani, akajizuia kwa mkono, kifundo cha mkono kikavunjika. Alifungwa hogo, likatolewa baada ya wiki sita, akaambiwa amepona. Tukauliza tena kama amepungua kimo. Hapo akacheka kicheko cha uchungu. Magauni yake ya zamani, alisema, siku hizi yanaburuza, na watu wa nyumbani wamekuwa wakimtania kwamba anarudi utotoni.

Tazama basi, ndugu msomaji. Mkono uliovunjika kwa kuanguka kidogo ulikuwa mbiu ya mgambo. Kimo kilichopungua kilikuwa mbiu ya pili. Watu wote walizisikia, wala hakuna aliyeuliza zina jambo gani. Hatukitaji kituo alichotibiwa mkono wake, kwa sababu kosa si la mganga mmoja. Ni kosa letu sote tuliozoea kusema, "Huo ni uzee tu," kana kwamba uzee ni jibu.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Ugonjwa huu wataalamu huuita osteoporosisi, maana yake ni mifupa kupungua madini na kuwa na matundu matundu kama jiwe la pwani lililoliwa na maji. Yafaa ieleweke kwamba mfupa si kitu kilichokufa. Ni kiungo hai, ambacho kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Kwa kijana, wajenzi huwashinda wabomoaji. Afikapo miaka thelathini hivi, mifupa yake huwa imefikia upeo wa nguvu zake. Tangu hapo anatumia akiba.

Kwa mwanamke, msimamizi mkuu wa kazi hiyo ni homoni ya estrojeni. Hedhi inapokoma, aghalabu kati ya umri wa miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua sana, na wabomoaji hubaki bila wa kuwazuia. Katika miaka michache ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke huweza kupoteza asilimia 10 au zaidi ya madini ya mifupa yake. Habari hii si mpya. Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, alikwisha kuieleza pamoja na wenzake mwaka 1941.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauna homa, hauna upele, wala hauumi. Mwanamke hulala mzima na kuamka mzima, mpaka siku mfupa unapovunjika. Na mifupa inayovunjika kwa kawaida ni ya mahali patatu: kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, na nyonga. Pingili za mgongo mara nyingi hupondeka bila hata kuanguka: mama ameinama kuinua ndoo, akasikia mgongo unamchoma, akapakwa dawa ya kuchua, yakaisha. Baadaye mgongo hupinda na kimo kikafupika. Nyonga ndiyo mbaya kuliko zote. Hata katika nchi zenye hospitali za kutosha, kiasi cha mtu mmoja kati ya wanne au watano wanaovunjika nyonga uzeeni hufariki kabla ya mwaka kwisha. Si kwa mfupa wenyewe, bali kwa nimonia, kwa vidonda vya kulala kitandani na kwa damu kuganda. Wengi wa wanaosalimika hawaurudii mwendo wao wa zamani. Na katika visiwa vyetu, ambako kwenda kliniki ni kushuka majini na kupanda chombo, mama asiyeweza kutembea huwa amefungwa chumbani mwake.

Kuna watakaosema kwamba maradhi haya ni ya Wazungu. Hoja hiyo isipuuzwe, maana ina chembe ya ukweli. Hesabu inayotajwa mara kwa mara, kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu waliopita miaka 50 atavunjika mfupa kwa udhaifu huu, imetokana zaidi na Ulaya na Marekani. Tena watafiti waliofanya kazi miaka mingi katika kijiji cha Keneba, nchini Gambia, walikuta wanawake wanaokula madini ya kalsiamu kidogo sana na ambao, hata hivyo, walivunjika kwa nadra. Lakini katika miaka ya karibuni watafiti wamekuwa wakihesabu nyonga zinazovunjika katika hospitali za Zimbabwe, Gambia na Afrika Kusini, na wameona kwamba ugonjwa huu umo barani mwetu na utaongezeka.

Sababu yake kubwa ni ya heri. Mtanzania aliyezaliwa wakati wa sensa ya mwaka 1967 alitarajiwa kuishi miaka arobaini na kidogo. Aliyezaliwa leo anatarajiwa kuishi zaidi ya sitini. Mkoa wa Lindi, uliohesabiwa watu 1,194,028 katika sensa ya 2022, ni miongoni mwa mikoa ambayo wazee ni wengi kuliko uwiano wa taifa. Tulipigana na malaria, na kipindupindu na vifo vya uzazi ili mama zetu wafike uzee. Sasa wanafika. Si haki kuwaacha wavunjike mlangoni.

Wala si jambo la aibu. Waliosoma chuoni wanakumbuka jinsi Mtume Zakaria, katika Sura ya Maryam, anavyomweleza Mola wake udhaifu wa mifupa yake na mvi za kichwa chake. Aliutaja udhaifu wake waziwazi kisha akaomba haja yake. Mama zetu nao wautaje, na sisi tulio viongozi tuwe na masikio.

KUPIMA KUNAANZA NA MASWALI

Chombo kinachopima uzito wa madini ya mifupa ni mashine iitwayo DEXA, inayotumia mionzi kidogo mno kupiga picha ya nyonga na kiuno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo: mwanamke ambaye uzito wa mifupa yake umeshuka hatua 2.5 za kitakwimu au zaidi chini ya wastani wa mwanamke kijana ahesabiwe kuwa na osteoporosisi. Mashine hii ni ghali, inahitaji fundi na umeme wa uhakika. Si chombo cha zahanati wala cha kituo cha afya.

Hapo ndipo baadhi ya viongozi hufunga jalada. "Mashine hatuna," husema, "basi hakuna la kufanya." Twawajibu kwa heshima kwamba hata nchi zenye mashine tele haziwapitishi wanawake wote humo. Nchini Marekani, kamati ya taifa inayotoa maelekezo ya kinga ilisema tena mwezi Januari 2025 kwamba mashine ni kwa wanawake waliofika miaka 65. Walio chini ya umri huo na ambao hedhi imekoma wakadiriwe kwanza hatari waliyo nayo, na wenye hatari ndio wapelekwe. Uingereza haina utaratibu wa kumpima kila mwanamke kwa mashine. Huko ulifanyika utafiti mkubwa wa wanawake 12,483 wenye umri wa miaka 70 hadi 85. Waliopangiwa kuchunguzwa walijibu kwanza maswali kwenye karatasi, na ni walioonekana kuwa hatarini tu waliopelekwa kwenye mashine. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba nyonga zilizovunjika zilipungua kwa asilimia 28 katika kundi lililochunguzwa, ingawa jumla ya mifupa yote iliyovunjika haikupungua kwa kiasi cha kuonekana wazi. Twayataja yote mawili, la faida na la upungufu, ili tusije tukaahidi miujiza.

Somo tunalolipata ni hili: mlango wa kwanza wa uchunguzi ni maswali, si mashine. Na maswali hayahitaji umeme.

Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilitoa mwaka 2008 hesabu iitwayo FRAX, inayokadiria hatari ya kuvunjika kwa kutumia umri, uzito, kimo, mfupa uliowahi kuvunjika, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara, pombe na dawa fulani. Huweza kutumika hata bila mashine. Mwaka 2001 madaktari wa bara la Asia walitoa kanuni rahisi zaidi, ambayo kila karani wa zahanati anaiweza. Chukua uzito wa mama kwa kilo, toa umri wake kwa miaka, kisha zidisha kwa 0.2. Jibu likiwa chini ya hasi 1, mama huyo anastahili kuangaliwa. Likiwa chini ya hasi 4, hatari yake ni kubwa. Mama wa miaka 60 mwenye kilo 45 atapata hasi 3. Mama wa miaka 70 mwenye kilo 48 atapata hasi 4.4. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa wanawake wa Asia, na madaktari wetu hawana budi kuijaribu kwa wanawake wetu kabla ya kuifanya sheria. Lakini inatuonyesha kwamba mizani na hesabu ya darasa la saba vyatosha kuanza kazi.

Twapendekeza basi kwamba kila mwanamke aliyepita miaka 45 anayefika zahanati, kwa shida yoyote ile, aulizwe mambo matano. Je, amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tangu awe mtu mzima? Je, mama yake au baba yake alivunjika nyonga? Je, hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 45, au vifuko vyake vya mayai vimeondolewa kwa upasuaji? Je, anavuta sigara, au ametumia dawa zenye steroidi kwa miezi mingi, zikiwemo baadhi ya zile zinazouzwa mitaani bila cheti kwa jina la vidonge vya kunenepesha? Je, ameanguka zaidi ya mara moja katika mwaka huu?

Baada ya maswali apimwe kilo na kimo, viandikwe ili mwaka ujao vilinganishwe. Kisha asimame wima, visigino na mgongo vikiwa ukutani, aangalie mbele. Ikiwa kisogo chake hakiwezi kuugusa ukuta, huenda pingili za mgongo zimekwisha kupondeka. Kazi yote hiyo ni ya dakika kumi. Mizani ipo, maana ndiyo ile inayowapima wajawazito. Ukuta upo. Kinachokosekana ni safu moja katika daftari na mtu wa kuuliza.

Tuongeze neno kwa ndugu zetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa ya tenofovir, iliyomo katika vidonge vingi vinavyotolewa leo, huweza kupunguza uzito wa mifupa kidogo. Mtu asiache dawa kwa sababu hiyo, maana kuiacha ni kuyatoa maisha yake. Amweleze mganga, naye aandikwe miongoni mwa wa kuangaliwa.

PENGO LA MIAKA KUMI

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwanamke wa Kilwa akiwa mjamzito, zahanati inamjua. Ana kadi, ana tarehe, akikosa anafuatwa nyumbani. Akifika miaka 60, Serikali inamjua tena: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee, na hospitalini lipo dirisha lake. Lakini tangu mtoto wake wa mwisho amalize chanjo mpaka afike dirisha la wazee, ni nani anayemwita? Hana kadi na hana siku yake. Akija, huja na malaria au shinikizo la damu, akatibiwa hilo akaenda zake. Na miaka hiyo ndiyo hedhi inayokoma, na ndiyo mifupa inayopungua kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Tumelinda mwanzo, tumelinda mwisho, tumeacha katikati.

Atakayesema kwamba tukimgundua hatuna la kumpa, hajui hali ya leo. Zipo dawa za kupunguza ubomoaji wa mifupa. Kidonge cha alendroneti humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa maji mengi, na mgonjwa hukaa wima nusu saa asikiunguze koo. Tangu hakimiliki yake ilipokwisha mwaka 2008 nchini Marekani, viwanda vingi hukitengeneza na bei yake imeshuka. Ipo pia dawa ya zoledroniki, inayotiwa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Fikiri maana yake kwa mama wa Songo Songo: safari moja ya chombo, dripu moja, mwaka mzima. Dawa hizi si za kujinunulia dukani. Mganga lazima aangalie figo na meno ya mgonjwa na akiba yake ya kalsiamu. Tiba ya homoni nayo ipo, na husaidia mifupa, lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha hatari zake kwa baadhi ya wanawake, hivyo ni shauri la daktari na mgonjwa wake, si la jirani.

YALIYO MIKONONI MWETU

Sehemu kubwa ya kinga haiko hospitalini. Chakula kipo. Dagaa anayeliwa na miba yake ana kalsiamu nyingi. Kadhalika maziwa, mchicha, kisamvu, majani ya mlonge, na ufuta ambao mkoa wetu huuza kwa wingi na kuula kwa uchache. Asitokee mtu akaanza kulamba chokaa ya tambuu au kula udongo kwa kudhani anajenga mifupa; hiyo si kinga, ni madhara.

Jua tunalo mwaka mzima, nalo humsaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo bila yake kalsiamu haiingii vizuri mwilini. Mama anayejistiri hana haja ya kuacha stara yake. Uani mwake, akiwa amekunja mikono ya gauni, jua linamfikia. Kazi nayo ni dawa. Mfupa unaobebeshwa mzigo hujiimarisha. Kwa hiyo mama anayelima, anayefunga mwani au anayetembea kwenda kuchokoa pweza anajenga mifupa yake, na watoto wanaomzuia kufanya kazi zote kwa heshima wanamdhuru bila kujua. La kumsaidia ni viatu visivyoteleza juu ya miamba, mwenzi wa kufuatana naye wakati wa bamvua, na nyumbani kizingiti kishushwe, taa iwekwe penye giza, na njia ya chooni isafishwe utelezi.

Taifa letu lina uzoefu wa kuelimishana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakungoja mashine. Kilichofanyika kwa vyoo kwa nini kisifanyike kwa mifupa? Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, vyama vya wakulima wa mwani na madarasa ya jioni misikitini na makanisani vyote ni mahali pa kuyauliza yale maswali matano.

TUNAYOYAOMBA KWA UONGOZI

Kwa uongozi wa mkoa na halmashauri zetu tuna maombi manne, wala hakuna hata moja linalozidi uwezo.

Kwanza, daftari la zahanati liongezwe safu ya kimo na ya mfupa uliowahi kuvunjika kwa kila mwanamke aliyepita miaka 45. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024, wafundishwe maswali matano na kuyapeleka nyumba kwa nyumba, visiwani kwanza.

Pili, mwanamke yeyote aliyepita miaka 50 na kuvunjika kwa kuanguka kidogo asiondoke na hogo tu. Aondoke na barua ya kurudi, achunguzwe na aanzishiwe tiba ikihitajika. Aliyevunjika mara moja ana hatari ya kuvunjika tena kiasi cha mara mbili ya mwenzake; huyo hatafutwi, amekwisha kuja mwenyewe.

Tatu, dawa za mifupa ziingizwe katika mipango ya ununuzi ya hospitali za wilaya na ile ya rufaa ya mkoa, Sokoine, na ziangaliwe katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mashine ya DEXA iwekwe katika mipango ya kanda, itumikie wale ambao maswali yamekwisha kuwachagua.

Nne, kila kisiwa kinachokaliwa na watu kiwe na machela ya kweli na mahali pa kupandia chombo pasipomlazimu mgonjwa kubebwa majini. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiiwashia taa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Si ombi kubwa kwamba mama wa Songo Songo naye awe na ngazi ya kushukia.

Yule mama wa dau la asubuhi alifika hospitali. Tuliambiwa baadaye kwamba alilala wiki nyingi, akarudi nyumbani kwa mkongojo, na kwamba kamba zake za mwani sasa zinafungwa na mtu mwingine. Kwa huyo, kazi iliyobaki ni ya kujenga ukuta, nayo ni ngumu na ya gharama.

Lakini yupo yule dada yake mdogo, aliyetueleza habari hizi huku ameshika bahasha ya vyeti. Tulimwuliza umri wake, akasema ana miaka arobaini na minane, na hedhi yake imeanza kuruka miezi. Ni mwembamba kama dada yake. Tukamwuliza kama tangu siku ile kuna yeyote, mganga au kiongozi, aliyemwita kumwuliza lolote kuhusu mifupa yake mwenyewe. Akasema hapana. Yeye bado ni ufa. Twaomba azibwe sasa.